Babu Yako Alikuwa na Cheo Gani?

Ndugu zanguni, leo sina utani. Kama umekuja kutafuta umbea wa mjini, pita kesho, huenda nitakuwa nimepoa.

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa Kilosa kwenye arobaini ya babu, baba yake mama. Dua ilisomwa, pilau ikaliwa, wageni wakaanza kuaga. Ndipo kina mama wakaingia kusafisha chumba cha marehemu. Mnajua inavyokuwa. Nguo zinagawiwa, godoro linatolewa juani, na vikorokoro vingine vyote vinaingia kwenye kiroba, kiroba kinapelekwa shimoni kuchomwa moto.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nachezea simu. Nikaona mama mdogo anatupia kwenye kiroba kopo la maziwa ya unga lenye kutu. Likalia kama lina sarafu. Nikamwambia, "Mama mdogo, hebu ngoja." Akanijibu, "Taka hizo mwanangu, misumari tu."

Haikuwa misumari. Ndani ya lile kopo kulikuwa na nishani yenye utepe uliopauka, kitambulisho kilichotafunwa na mende mpaka jina limebaki nusu, picha moja ya vijana watano wamekaa juu ya lori la jeshi wakicheka, na saa ndogo ya mezani, ya kutia ufunguo, iliyosimama saa nne na dakika kumi.

Ile saa nilikuwa naijua. Nitarudi kwake, subirini.

Nikarudi Dar na kopo langu. Mimi ni mwandishi wa habari, najua kuuliza, kwa hiyo nikauliza: vitu vya askari wa Vita vya Kagera vinapelekwa wapi vikatunzwe? Nikaelekezwa ofisi moja. Sitaitaja, kwa sababu yule dada niliyemkuta wala hana kosa, katumwa tu kukaa pale. Nikafungua kopo juu ya meza yake. Akatazama bila kugusa.

"Kaka, andika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mkurugenzi. Uambatishe na vielelezo." Akafikiri kidogo. "Kwani babu yako alikuwa na cheo gani?"

"Mgambo."

"Aah."

Jamani, ile "aah"! Nimekaa nayo kifuani tangu siku hiyo. Haikuwa ya dharau hata kidogo, na afadhali ingekuwa ya dharau. Ilikuwa "aah" ya mtu aliyepata jibu la kumrahisishia kazi. Kumbe mgambo tu. Nikafunika kopo langu, nikapanda daladala.

Sasa sikilizeni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga. Wote tunakijua kile kipande cha uwezo, sababu na nia, tunakisikia redioni kila mwaka, kuna watu mpaka wamekifanya mlio wa simu. Lakini uwezo wenyewe ulitoka wapi? Jeshi letu wakati ule halikufika watu 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka 100,000, na hao walioongezeka hawakushuka na mvua. Walitoka Kilosa, Nzega, Newala, Mpwapwa. Wakulima, vijana wa JKT, polisi, magereza, na mgambo kwa makumi ya maelfu. Babu alikuwa analima pamba. Aliitwa akiwa na jembe mkononi (alivyosimulia mwenyewe, na babu alipenda chumvi kidogo), na Aprili 1979 alikuwa Uganda akitembea kwa miguu kuelekea Kampala.

Kwa hiyo ukiniuliza babu alikuwa na cheo gani, nakujibu hivi: alikuwa ndiye huo "uwezo".

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kusema, "Mbona Serikali inawakumbuka? Si kuna Siku ya Mashujaa?" Ndiyo, ipo. Kila tarehe 25 Julai. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, anakuja balozi na shada, Meya na upinde na mshale, na mzee mmoja akiwakilisha wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Parapanda inalia. Sikejeli, mimi mwenyewe nimewahi kusimama pale nikahisi nywele zinanisimama. Lakini nawauliza: baada ya lile shoka kuwekwa, kuna mwandishi gani aliyemfuata yule mzee akakaa naye mchana kutwa? Mimi nilikuwepo, nikapiga picha, nikakimbilia chumba cha habari kuwahi gazeti. Jina lake liliandikwa kwenye maelezo ya picha, na nadhani tulikosea herufi. Kwa hiyo mkiona namtupia mtu mawe leo, mjue moja linaniangukia mimi.

Hebu tushuke mpaka Posta. Pale kwenye Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Maktaba, ambapo sote tumewahi kumwambia mtu "nisubiri pale". Ile sanamu ya shaba iliwekwa mwaka 1927 na Waingereza. Kabla yake palisimama sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 wakaing'oa, baadaye ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba mwishoni mwa miaka ya 1960. Habari tamu hiyo, lakini si ya leo.

Ya leo ni maandishi yaliyo chini ya askari wetu. Umewahi kuyasoma? Acha uongo. Mimi nilikaa mjini hapa miaka sita kabla sijayasoma. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, Mwingereza yule wa hadithi za porini. Yanawataja askari wa Kiafrika, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanamwahidi aliyekufa kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake.

Jina lake! Izunguke ile sanamu pande zote nne, utafute jina. Hata moja hakuna!! Ni ahadi ya kukumbuka majina iliyochongwa kwenye mnara usio na jina hata la mtu mmoja. Ukitaka kuona majina, panda gari uende makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Nyasi zimekatwa kama zulia, mawe meupe yamepangwa mstari, na kila jiwe lina mwenyewe: jina, kikosi, tarehe. Kuna mtunza bustani anayelipwa. Sina ugomvi na waliolala pale, ni vijana wa watu waliofia mbali na kwao. Lakini wapagazi wako wapi?

Nitakwambia. Unawakanyaga ukienda kununua viatu.

Kariakoo. Hilo neno si la Kizaramo wala la Kihindi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililopita kwenye vinywa vya babu zetu likatoka Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, mzazi ni yule yule. Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, hapo ndipo wapagazi walipowekewa kambi. Katika vita ile yote ya Afrika Mashariki, Waingereza na washirika wao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Wengine walikubali kwa ajili ya ujira, wengi walikamatwa tu, kijiji kinazungukwa alfajiri na wanaume wanafungwa kamba. Walibeba risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na waliojeruhiwa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao hawakuhesabiwa vizuri na mtu yeyote. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kufika 100,000. Na si kwa risasi. Kuhara, malaria, vichomi, njaa, baridi ya mvua za masika bila blanketi.

Watu 100,000, ndugu yangu! Uwanja wa Mkapa unajaa na kufurika, halafu makumi ya maelfu ya watu bado wako nje getini.

Vita ikiwa bado inaendelea ikaundwa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, na kanuni yao ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Huku kwetu kanuni ikafika ikiwa imechoka. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi, ya hapa Dar na ya kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Sijatunga mimi. Imo kwenye ripoti waliyoitoa wenyewe Aprili 2021, tume ya leo ikiichunguza tume ya jana. Ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kwao akaomba radhi.

Na sie je? Radhi ile tuliipokea vipi? Nilitegemea angalau wiki moja ya kelele. Ilipita kama habari ya hali ya hewa. Mwaka huo huo, Julai, soko la Kariakoo likaungua. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Likajengwa upya kwa mabilioni ya shilingi. Tulijadili vizimba, tukajadili nani arudishwe na nani asirudishwe, na mimi niliandika habari zisizopungua nne za vizimba. Sikumsikia mtu, wala mimi mwenyewe sikufungua mdomo, aliyesema: jamani, katika ghorofa zote hizo, tengeni chumba kimoja. Kimoja tu! Cha wale walioliachia eneo hili jina.

Sasa nimewahi kuisema hoja hii kijiweni, na majibu ninayoyapata ni matatu. Ngoja niyapitie, maana mawili yananikera na moja linanisumbua.

La kwanza ni "hela hamna". Sitapoteza muda hapa. Nchi inayoweza kununulia semina moja chai ya watu mia tatu inaweza kununua kabati la vioo na kinasa sauti.

La pili ni la wasomi wenzangu, wale wa "fikra": eti wapagazi na askari wa KAR walikuwa vibaraka wa mkoloni, kwa nini tuwajengee nyumba? Ndugu yangu, mtu aliyefungwa kamba shingoni alfajiri mbele ya mkewe ni kibaraka wa nani? Na hata yule aliyejiandikisha mwenyewe. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kwa mamia, wauguzi na mabaharia. Karibu na Maldives ikapigwa na manowari ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache sana. Wakafa watu 1,297. Walikuwa wanakwenda vita vya Burma, kumpigania mfalme ambaye hawakuwahi kumwona, dhidi ya watu ambao hawakuwakosea lolote. Huoni kwamba hapo pana swali kubwa la kuuliza? Na utaliuliza vipi kama hujui hata kwamba meli ilizama? Shaaban Robert aliona vita ile inastahili utenzi mzima. Wewe unaona haistahili kabati.

Halafu kuna hili. KAR ndiyo iliyogeuka Tanganyika Rifles mwaka 1961. Tanganyika Rifles ndiyo iliyoasi Januari 1964 pale Colito, ikavunjwa, na Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Colito lenyewe ni jina la mahali huko Ethiopia ambapo KAR walipigana mwaka 1941. Leo kambi ile inaitwa Lugalo, kwa heshima ya pale Mkwawa alipowafyeka Wajerumani mwaka 1891. Jina jipya nalipenda, tena mno. Lakini angalia tulivyofanya: tumefuta moja tukaandika jingine, na hakuna mahali popote mtoto wa shule anapoelezwa kwamba kulikuwa na la kwanza.

La tatu ndilo linalonisumbua. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, alinitazama akaniambia: "Mkijenga hiyo nyumba mtaijaza sifa. Mashujaa, mashujaa, mashujaa. Vita vitaonekana vitamu."

Hapa ndipo nirudi kwenye saa.

Mwaka 2019 nilikwenda Kilosa likizo, nikamwomba babu anisimulie vita nirekodi kwa simu. Alinisimulia kwa furaha. Mutukula. Matope. Ile mizinga ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba, na jinsi ilivyokuwa ikilia hata wao wenyewe wanainama. Walibya waliokuja kumsaidia nduli wakakimbia pale Lukaya. Alicheka, akaigiza. Nikaona leo nimepata kitu. Halafu nikamuuliza, kiutani tu, kuhusu ile saa ya juu ya kabati ambayo tangu utoto wangu sikuwahi kuiona ikitiwa ufunguo.

Akanyamaza. Akasema, "Hiyo siyo yangu."

Aliitoa kwenye nyumba moja Masaka. Waliingia mji ule Februari 1979, na wengi wao walikuwa wamepita Kagera wakaona yaliyofanywa na askari wa Amin: watu wameuawa, ng'ombe wameswagwa, nyumba ni majivu. Masaka ililipa. Mji ulipigwa, na baada ya kutekwa majengo yakalipuliwa, hilo lipo kwenye vitabu. Babu alisema nyumba aliyoingia ilikuwa na meza imeandaliwa, vikombe viko juu yake, wenyewe wamekimbia. Wenzake wakachukua redio. Yeye akachukua saa. Akaitia ufunguo mara moja tu, njiani, usiku, akasikia inavyogonga. Akasema: "Nilisikia kama wenyewe wanatembea ndani." Hakuitia tena. Miaka arobaini akaiweka juu ya kabati, haiuzi, haitupi. Miaka ya mwisho akaificha ndani ya kopo, pamoja na nishani.

Simu yangu ilijaa hapo hapo. Nilikuwa nimerekodi dakika 11. Nyingine zote zilikuwa zimekaliwa na video za harusi za watu.

Nilidhani nitarudi. Sikurudi kurekodi. Nilirudi kuzika.

Sasa namjibu rafiki yangu mwalimu. Makumbusho ninayoyataka ni yale yenye ile saa. Nishani kulia, saa kushoto, kabati moja, mwenyewe mmoja. Ukiitoa saa ukabakiza nishani, umetengeneza bango la kampeni. Ukiitoa nishani ukabakiza saa, umemfanya mzee yule mwizi, na hakuwa mwizi. Alikuwa mkulima wa pamba aliyepelekwa vitani, akashinda vita ya haki, na akarudi na kitu asichoweza kukitazama. Hayo yote ni ya kweli kwa pamoja, na hakuna hotuba ya tarehe 25 Julai yenye nafasi ya kuyabeba. Chumba kinaweza.

Najua pia wapo watakaosema habari za jeshi ni siri. Siri gani jamani? Sitaki kujua tuna vifaru vingapi. Hata jeshi likiwa na nyumba yake ya kumbukumbu ndani ya geti, zikapangwa bunduki na sare za majenerali, sawa, hiyo ni kazi yao na waifanye. Mimi nasemea nyumba ya mtaani, isiyo na mlinzi wa kukuuliza kitambulisho, ambapo mjukuu anaingia na kopo lenye kutu na haulizwi cheo. Kagera kuna makaburi ya Kaboya ambako wamelazwa waliokufa vitani. Vema. Waliotajwa kuuawa upande wetu ni 373, na wengi wao kwa ajali na maradhi, si kwenye mapigano. Lakini wale waliorudi? Maelfu kwa maelfu walirudi, wakashika tena jembe, wakauza tena nyanya. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo amekaribia 70. Wako kwenye mabaraza yetu, wanaitwa "mzee wa kelele" kwa sababu wakisikia fataki za mwaka mpya wanatetemeka. Hakuna aliyewauliza kwa nini.

Na msiniambie haiwezekani Tanzania, kwa sababu imewezekana. Nendeni Songea. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 wa Majimaji wakawatupa kaburi moja, na Nduna Songea Mbano naye akanyongwa, akazikwa peke yake. Watu wa Songea hawakungoja mtu wa mbali. Mwaka 1980 walikuwa wameshaanzisha nyumba yao ya kumbukumbu pale pale kwenye makaburi, na kila Februari wanakusanyika. Serikali ilikuja kuichukua miaka mingi baadaye, nyumba ikiwa tayari imesimama. Na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipotaka kuomba msamaha, hakuombea hewani. Alikwenda Songea, akaweka shada, akakutana na wajukuu wa Nduna uso kwa uso. Unajua kwa nini alikuwa na pa kwenda? Kwa sababu kulikuwa na mlango wa kubisha. Ile radhi ya Waingereza ya mwaka 2021 haikuwa na mlango. Hata kama waziri wao angepanda ndege kesho yake, angepelekwa wapi hapa Dar? Kwenye duka la vitenge Mtaa wa Msimbazi?

Na majina mengine yapo, msidhani yote yamepotea. Nairobi, kwenye kumbukumbu za jeshi la Kenya, zimepatikana nyaraka za askari wa KAR zenye majina ambayo watu walishakata tamaa kuyapata. Majina ya kwetu haya haya, ya Juma na ya Mwita. Siku yatakapoandikwa yataandikwa wapi? Nairobi watapata ukuta wao, nina hakika, majirani zetu hawachelewi kwenye mambo haya. Sie tutakwenda kupiga nao picha.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na ninakidai kwa watu watatu. Manispaa: chumba kimoja Kariakoo, ndani ya soko au kando yake, chenye jina la wapagazi mlangoni na majina kadiri yatakavyopatikana ukutani. Wenye dhamana ya makumbusho: fomu ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili, ya kupokelea vitu kutoka kwa familia, na muiondoe ile nafasi ya "cheo". Na wewe unayesoma hapa, mwenye simu inayojaza picha za chakula: futa nusu yake. Nenda kwa mzee wako. Usianze na "nisimulie vita", maana atakusimulia vita vya redioni. Muulize walikula nini. Muulize alilala wapi usiku wa kwanza. Muulize amerudi na nini, halafu nyamaza, kaa kimya hata dakika tano, usimjazie maneno.

Mimi barua nimeshaiandika, na imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wameniambia nipite baada ya siku 14, na zimepita 22. Wakati nikingoja, nimepata wazee wawili Temeke na mmoja Mbagala, wote Kagera, mmoja wao dereva wa lori. Jumamosi naanza na yule wa Mbagala kwa sababu mwanawe ameniambia kwa simu, "Kaka, ukija njoo asubuhi, mchana anachanganya majina." Nimenunua kadi mpya ya kumbukumbu na betri ya akiba.

Saa iko mezani kwangu hapa ninapoandika. Nimemwandikia mwandishi mwenzangu wa Kampala ambaye kwao ni Masaka, nikamweleza kila kitu, nikamtumia picha, mbele na nyuma. Nyuma kuna herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu, nadhani za mwenye nyumba. Ameahidi kumuuliza bibi yake.

Sijaitia ufunguo.